Dhana ya Mkuzo katika Bapa la Majira: Maana ya Kawaida na Maana ya Kihisabati

1.0 Utangulizi

Istilahi nyingi za hisabati katika Kiswahili hazikuundwa upya, bali zilichukuliwa kutoka katika matumizi ya kila siku na kupewa maana finyu zaidi. Neno *pembe* ni mfano mzuri. Katika mazungumzo ya kawaida neno hilo huhusu pembe ya ng'ombe au pembe ya nyumba. Katika jometri linahusu kiasi cha mgeuko kati ya mistari miwili inayokutana. Njia hii ya kupata istilahi ina faida iliyo wazi: mwanafunzi hakutani na neno geni, na mwalimu hupata mahali pa kuanzia. Hata hivyo, njia hiyo ina gharama yake. Neno la kawaida huingia darasani likiwa limebeba maana zake zote za awali, na si zote zinazokubaliana na maana mpya.

Makala haya yanachunguza neno moja la aina hiyo, yaani *mkuzo*, linapotumika kueleza jinsi nukta na maumbo yanavyokuzwa au kupunguzwa katika bapa la majira. Hoja kuu ni kwamba neno hilo linafaa na halina sababu ya kuachwa, lakini kitenzi *kukuza* humjengea msikilizaji matarajio matatu. La kwanza ni kwamba kinachokuzwa lazima kiwe kikubwa kuliko kilivyokuwa. La pili ni kwamba kinachokuzwa hubaki mahali pake. La tatu ni kwamba vipimo vyake vyote huongezeka kwa kiasi kilekile. Katika hisabati hakuna hata moja kati ya matarajio hayo lililo kweli daima. Kosa linalotokana na tarajio la tatu ndilo lenye hasara kubwa zaidi, kwa kuwa halibaki darasani. Hufuata ramani hadi kwenye mipaka ya mashamba.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967, ilhali masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayekutana na mada ya mageuzo ya maumbo katika sekondari huipokea kwa istilahi za Kiingereza, lakini mara nyingi huifikiria kwa maneno ya Kiswahili aliyokuja nayo. Maneno hayo yasipofafanuliwa, yataendelea kuongoza fikra zake bila yeye mwenyewe kujua.

2.0 Kitenzi *kukuza* na vitenzi jirani

*Kukuza* ni kauli ya kutendesha ya kitenzi *kukua*. Mzazi hukuza mtoto, mpiga picha hukuza picha, na taifa hukuza lugha yake. Katika matumizi yote hayo mna wazo la kitu kuongezeka huku kikibaki kitu kilekile. Mtoto aliyekua ni yuleyule, na picha iliyokuzwa huonyesha sura ileile. Wazo hili la kubaki na sura ndilo linalokifanya kitenzi hiki kifae kwa matumizi ya kihisabati.

Vitenzi vilivyo karibu nacho havina sifa hiyo. *Kurefusha* huhusu urefu peke yake, kama kamba inavyorefushwa. *Kupanua* huhusu hasa upana: barabara inapopanuliwa, urefu wake haubadiliki. Umbo lililorefushwa au kupanuliwa tu hupoteza uwiano wa pande zake. Mraba hugeuka kuwa mstatili, na duara huwa kama yai.

Kitenzi chenye utata zaidi ni *kuongeza*. Mwanafunzi anayeambiwa "ongeza kila upande mara mbili" anaweza kuelewa kwamba atazidisha kwa 2. Anaweza pia kuelewa kwamba atajumlisha 2. Tofauti si ndogo. Mstatili wenye pande za sentimeta 2 na 3 ukizidishiwa pande zake kwa 2 huwa na pande za sentimeta 4 na 6, na uwiano wa 2 kwa 3 hubaki. Ukijumlishiwa sentimeta 2 kila upande, pande huwa 4 na 5, na uwiano hubadilika. Mstatili wa kwanza umekuzwa. Wa pili umekuwa umbo jingine. Kwa hiyo, katika mada hii agizo "zidisha kwa mbili" ni salama kuliko "ongeza mara mbili".

3.0 Bapa la majira na kanuni ya mkuzo

Bapa la majira ni uso ulionyooka uliochorwa mihimili miwili inayokatana kwa pembe mraba: mhimili wa x ulio mlalo na mhimili wa y ulio wima. Mahali inapokatana huitwa chanzo, na huandikwa (0, 0). Kila nukta hutajwa kwa namba mbili ambazo ndizo majira yake: ya kwanza huonyesha hatua za kwenda kulia au kushoto, ya pili hatua za kwenda juu au chini. Msingi wa wazo hili uliwekwa na Wafaransa wawili wa karne ya 17, René Descartes, aliyechapisha kazi yake ya jometri mwaka 1637, na Pierre de Fermat, ingawa michoro yao haikuwa na mihimili miwili kama inavyochorwa leo. Mchango wao mkubwa ulikuwa kuyageuza maswali ya maumbo kuwa maswali ya namba.

Mkuzo hukamilika panapotajwa vitu viwili. Cha kwanza ni *kitovu*, yaani nukta ambayo vipimo vyote huanzia. Cha pili ni *kizidisho*, yaani namba ambayo umbali wa kila nukta kutoka kitovuni huzidishwa nayo. Ili kuikuza nukta, huchorwa mstari kutoka kitovuni kupita kwenye nukta hiyo, kisha taswira yake huwekwa juu ya mstari huohuo kwa umbali uliozidishwa.

Kitovu kikiwa chanzo, kanuni ni nyepesi: majira yote mawili ya nukta huzidishwa kwa kizidisho. Sababu yake ni rahisi kuona. Kuifikia nukta (4, 1) kutoka chanzo ni kwenda hatua 4 kulia na hatua 1 juu. Anayerudia safari hiyo mara mbili kwa mwelekeo uleule atakuwa amekwenda hatua 8 kulia na 2 juu, naye atafika (8, 2).

Uchukuliwe mfano wa pembetatu yenye ncha A (2, 1), B (4, 1) na C (2, 4). Upande AB una urefu wa vizio 2, upande AC una vizio 3, na pande hizo zinakutana kwa pembe mraba. Kwa mkuzo wenye kitovu kwenye chanzo na kizidisho 2, taswira zake ni A' (4, 2), B' (8, 2) na C' (4, 8). Upande A'B' una vizio 4 na A'C' una vizio 6. Upande wa tatu nao hufuata mkondo huo. Kutoka B kwenda C ni hatua 2 kushoto na 3 juu. Kutoka B' kwenda C' ni hatua 4 kushoto na 6 juu. Mwelekeo ni uleule, na urefu umezidishwa kwa 2. Kwa hiyo, pande za taswira ni sambamba na pande za umbo la awali, na pembe zote hubaki kama zilivyokuwa.

4.0 Tarajio la kwanza: kukuza ni kufanya kuwa kikubwa

Pembetatu hiyohiyo ikikuzwa kwa kizidisho nusu kutoka chanzo, ncha zake huwa (1, ½), (2, ½) na (1, 2). Pande mbili zilizokuwa na vizio 2 na 3 sasa zina kizio 1 na kizio kimoja na nusu. Umbo limepungua, lakini kanuni iliyotumika ni ileile, na jina la tendo ni lilelile.

Huenda ikaonekana kwamba lugha hapa inajipinga: kitu kimekuzwa, nacho kimekuwa kidogo. Lakini Kiswahili kimekwisha kupita katika hali kama hii. Kitenzi *kuzidisha* kinatokana na *kuzidi*. Hata hivyo, namba 6 ikizidishwa kwa nusu huwa 3, na hakuna mwalimu anayependekeza kitenzi kingine kwa sababu hiyo. Istilahi imezoeleka, na maana yake ya kihisabati imejitenga na asili yake. Neno *mkuzo* linaweza kufuata njia hiyo.

Kuna sababu ya kihisabati ya kutumia jina moja. Mkuzo wa kizidisho 2 hutenguliwa na mkuzo wa kizidisho nusu kutoka kitovu kilekile. Mmoja hupeleka umbo, mwingine hulirudisha. Matendo yanayotenguana kwa namna hiyo ni ya jamii moja. Katika jamii hiyo mna pia kizidisho 1, ambacho huacha kila kitu kama kilivyo, na vizidisho hasi. Kizidisho kikiwa hasi, taswira huangukia upande wa pili wa kitovu: kwa kizidisho -2, nukta A (2, 1) hupelekwa (-4, -2), na pembetatu nzima huonekana imekuzwa na kugeuzwa nusu mzunguko. Namba pekee isiyokubalika ni sifuri, kwa kuwa hulikusanya umbo lote katika nukta moja, na hakuna mkuzo wowote unaoweza kulirudisha.

5.0 Tarajio la pili: kilichokuzwa hubaki mahali pake

Mtoto hukua akiwa palepale alipo. Katika bapa la majira, kinyume chake, kila nukta huhama isipokuwa kitovu, kizidisho kinapokuwa tofauti na 1. Mwanafunzi anayekuza pembetatu kutoka chanzo hushangaa kuona taswira imesogea mbali na umbo la awali, na pengine hudhani amekosea hesabu.

Mfano ufaao unapatikana katika chumba chenye kibatari kidogo. Mkono ukiwekwa kati ya mwali na ukuta, kiganja kikiwa sambamba na ukuta, kivuli chake ni mkuzo ambao kitovu chake ni mwali. Ukuta ukiwa mbali na mwali mara tatu ya umbali wa mkono, kivuli huwa na urefu mara tatu ya ule wa mkono. Kibatari kikisogezwa kandokando, bila kukaribia wala kuacha ukuta, kivuli husogea lakini ukubwa wake haubadiliki. Kubadili kitovu ni kubadili mahali pa taswira. Kubadili kizidisho ni kubadili ukubwa wake.

Hali hiyo inathibitika kwa namba. Kitovu kikihamishwa kutoka chanzo hadi ncha A (2, 1), na kizidisho kikibaki 2, hesabu hufanywa kwa hatua tatu: kuhesabu hatua kutoka kitovuni hadi kwenye nukta, kuzizidisha, kisha kuanza tena kitovuni na kwenda hatua hizo mpya. Ncha A haihami, kwa kuwa ndiyo kitovu. Ncha B iko hatua 2 kulia. Zikizidishwa huwa 4, na taswira yake ni (6, 1). Ncha C iko hatua 3 juu. Huwa 6, na taswira yake ni (2, 7). Pembetatu hii inalingana kabisa na ile iliyopatikana kutoka chanzo, ila kila ncha iko hatua 2 kushoto na hatua 1 chini ya mwenzake. Kwa hiyo, swali la mtihani linalosema "kuza kwa kizidisho 2" bila kutaja kitovu lina majibu yasiyo na idadi, na kosa la majibu tofauti si la mtahiniwa.

6.0 Tarajio la tatu: vipimo vyote huongezeka kwa kiasi kilekile

Eneo la pembetatu ABC ni nusu ya 2 mara 3, yaani vizio mraba 3. Eneo la A'B'C' ni nusu ya 4 mara 6, yaani vizio mraba 12. Pande zimezidishwa kwa 2, lakini eneo limezidishwa kwa 4. Kwa kizidisho 3, eneo huzidishwa kwa 9. Kwa kizidisho nusu, hubaki robo. Kwa jumla, eneo huzidishwa kwa kizidisho kilichopigwa kipeo cha pili.

Sababu inaonekana kwenye karatasi ya miraba. Mraba wenye upande wa kizio 1 ukikuzwa kwa kizidisho 3 huwa na safu tatu, kila safu ikiwa na miraba mitatu ya awali. Umbo lolote, hata liwe na ukingo uliopindapinda kama mwambao wa ziwa, linaweza kukaribiwa kwa miraba midogomidogo. Na kwa kuwa kila mraba huzidishwa kwa 9, umbo zima nalo huzidishwa kwa 9.

Kosa la kudhani kwamba eneo hufuata urefu halikuletwa na Kiswahili. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo *Meno*, yaliyoandikwa kwa Kigiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Socrates anamtaka mtumwa kijana atafute mraba wenye eneo maradufu ya mraba wa upande wa futi 2. Kijana anajibu kwamba upande uwe futi 4, ndipo anaposhangaa kupata eneo la 16 badala ya 8. Anajaribu 3, anapata 9. Mwishowe anaongozwa kuona kwamba upande unaotakiwa ni ulalo wa mraba wa awali. Kwa lugha ya mkuzo, kizidisho kinachofanya eneo kuwa maradufu ni kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni karibu 1.41.

Namba hiyo inajulikana kwa kila mwendeshaji wa mashine ya fotokopi, ingawa huenda hajaambiwa inakotoka. Ili kuhamisha ukurasa wa A4 kwenye karatasi ya A3, ambayo eneo lake ni maradufu, mashine hupangwa kwenye asilimia 141. Kuirudisha A3 kwenye A4 huhitaji asilimia 71. Asilimia hizo ni za urefu, si za eneo.

Ni muhimu pia kuona dhana ya kuongezeka kwa kiasi kilekile inakotoka. Majira ya x peke yake yakizidishwa kwa 2, ncha za pembetatu huwa (4, 1), (8, 1) na (4, 4), na eneo huwa vizio mraba 6. Hapa eneo limezidishwa kwa 2 tu. Lakini tendo hili si kukuza. Ni kupanua, na pembe za umbo zimebadilika. Anayedhani kwamba kukuza kwa 2 huzidisha eneo kwa 2 anafikiria kupanua huku akisema kukuza. Kutenganisha vitenzi hivi viwili darasani, basi, ni sehemu ya somo lenyewe la hisabati.

7.0 Kosa linapofika kwenye ramani

Ramani nyingi za topografia za Tanzania na Kenya zina skeli ya 1:50,000. Katika ramani hiyo sentimeta 1 inawakilisha meta 500, na sentimeta mraba 1 inawakilisha meta mraba 250,000, yaani hekta 25. Eneo la malisho linaloonekana kama mstatili wa sentimeta 2 kwa 3 lina sentimeta mraba 6, sawa na hekta 150.

Ichukuliwe kwamba kamati ya kijiji inataka kuona mipaka vizuri zaidi, ikaikuza sehemu hiyo ya ramani kwa asilimia 200. Mstatili sasa una sentimeta 4 kwa 6, yaani sentimeta mraba 24. Watu watatu wanaweza kuusoma kwa namna tatu. Wa kwanza anasoma maandishi ya skeli pembeni, ambayo bado yanasema 1:50,000, anazidisha 24 kwa 25 na kupata hekta 600. Wa pili anatambua kwamba ramani imekuzwa kwa 2, anaigawa 25 kwa 2, na kwa hekta 12.5 kwa kila sentimeta mraba anapata hekta 300. Wa tatu anajua kwamba skeli sasa ni 1:25,000, kwamba sentimeta 1 ni meta 250, na kwamba sentimeta mraba 1 ni hekta 6.25, anapata hekta 150, ambazo ndizo zilizopo ardhini.

Msomaji wa pili ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu hakuzembea. Alijua kwamba ramani imekuzwa, akafanya marekebisho, na hesabu yake ina sura ya uangalifu. Alichokosa ni kujua kwamba eneo halifuati urefu. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, vijiji vya Tanzania Bara vina madaraka ya kusimamia ardhi yao. Pale wafugaji na wakulima wanapogawana ardhi, hekta 150 zisizokuwepo zinaweza kuahidiwa katika kikao, zikadaiwa baadaye na watu wenye nia njema kabisa.

Kuna kinga moja iliyo rahisi. Ramani nyingi, pamoja na skeli ya namba, huwa na mstari wa skeli uliogawanywa kwa kilometa. Ramani inapokuzwa, namba iliyochapwa haibadiliki na hivyo husema uongo. Mstari hukuzwa pamoja na ramani na huendelea kusema kweli. Anayepima kwa mstari huo hupata urefu sahihi wa kila upande, na kwa urefu huo hupata eneo sahihi.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba neno *mkuzo* linabeba vizuri wazo la umbo kubadilika ukubwa bila kupoteza sura, lakini halitoshi peke yake. Mambo manne yanafaa kuzingatiwa na walimu na waandishi wa vitabu. Mosi, mkuzo utajwe daima pamoja na kitovu na kizidisho chake. Pili, mwanafunzi akutane na kizidisho kilicho chini ya 1 mapema, kabla mazoea ya neno hayajamkaa. Tatu, *kukuza*, *kupanua* na *kuongeza* yasitumike kana kwamba yana maana moja. Nne, kila mkuzo wa umbo uambatane na maswali mawili tofauti, moja la urefu na jingine la eneo.

Hakuna kati ya haya linalohitaji istilahi mpya. Kinachohitajika ni kuyatumia maneno yaliyopo kwa mipaka iliyo wazi, ili mtu anaposema shamba limekuzwa mara mbili kwenye karatasi, yeye na wasikilizaji wake wajue kwamba ni urefu unaozungumziwa, na kwamba shamba lenyewe halijaongezeka hata hatua moja.